Mashine ya Mwanyumba

Jumamosi, 3 Mei

Nimemaliza! Kanda ya sitini na moja, ya mwisho, imeingia kwenye diski saa tisa na robo mchana. Miezi kumi na minne nimekaa kwenye stoo hii, kati ya pasi na masanduku ya viatu — deki ya video ya kuazima upande huu, kompyuta kuukuu iliyotupwa na duka upande ule. Kanda ya saa mbili inahama kwa saa mbili, haibembelezeki. Saba zilikuwa na ukungu. Nilizifungua kwa bisibisi, nikazipangusa kwa pamba na spiriti, taratibu, kama kidonda cha mtoto.

Marehemu baba mkwe alikuwa hachoki na kamera yake. Binti zake wakijifunza kutembea. Jirani akihamia. Mvua ikinyesha uani — dakika arobaini za mvua!

Nimemwambia mke wangu. Kasema, hongera bwana, sasa mama ataziangaliaje?

Hongera moja, kisha swali. Haya.

Ila ana haki ya kuuliza. Mama mkwe anaishi nasi tangu mwaka jana. Mambo ya jana yanamponyoka. Ya miaka thelathini iliyopita anayo bado, lakini daktari katuambia nayo yataanza kupungua. Mke wangu anataka akae naye mbele ya runinga kila mchana akitoka kufundisha chekechea. Mama ataje nani ni nani, yeye aandike chini ya kila kanda. Sisi wenyewe hatuwajui hata nusu ya watu wale. Mama akisahau, tutabaki na sinema sitini na moja za wageni.

Kwa hiyo inatakiwa seva ya nyumbani, kanda zionekane kwenye runinga na maandishi yake chini. Nitaitengeneza mwenyewe. Kazi nimeianza mimi, nitaimaliza mimi.

Jumanne, 6 Mei

Dukani kimya leo, wateja wanne tu na wote wa kikohozi. Nimesoma habari za seva nyuma ya kaunta.

Programu nimeipata, ya bure. Kumbe siku hizi huiweki moja kwa moja kwenye kompyuta, inakuja ndani ya imeji. Mimi mfamasia nimeielewa hivi: imeji ni ile dawa ya watoto ya unga, imefungwa kiwandani. Ukiitia maji inakuwa dawa yenyewe, iko kwenye chupa, inafanya kazi. Hilo ndilo kontena. Chupa ikiharibika unatupa, unachanganya nyingine. Rahisi!

Shida ni kwamba dawa ni moja na paketi ni tatu. Ya kwanza ni rasmi, ya wenye programu wenyewe. Ya pili ya kikundi cha wajitoleaji — wanaitoa upya kila wiki, na faili zako zinabaki mali yako, si mali ya mashine. Ya tatu ya jamaa mmoja tu, nyepesi, madoido tele, ila hajaigusa miaka miwili. Hiyo nimeitoa. Kitu kisicho na mwenyewe sikiweki rafuni.

Kati ya mbili zilizobaki moyo wangu uko kwenye ile rasmi. Lakini nitasoma maelezo yote kwanza. Kila siku nawapigia watu kelele: soma karatasi iliyo ndani ya boksi!

Ijumaa, 9 Mei

Bado nasoma. Mke wangu kauliza nimefika wapi. Nikamwambia mambo haya hayaendi kwa papara. Kaenda zake. Halafu nikamsikia jikoni kwenye simu na mdogo wake. "Hebu muulize mumeo."

Muulize mumeo! Nyumba nzima ina mtu amekaa stoo miezi kumi na minne, anaulizwa mumeo.

Huyo mumeo ni mwanyumba wangu, maana tumeoa ndugu wawili. Anafanya kazi ya kompyuta kwenye kampuni kubwa, ana kitambulisho cha kuning'iniza shingoni. Humu nitamwita Mtaalamu. Sina ubaya naye. Lakini mimi ndiye mkwe wa kwanza wa nyumba ile, nimemtangulia miaka tisa. Hilo hakuna anayelikumbuka.

Jumapili, 11 Mei

Dakika ishirini. Nimetazama saa ya ukutani. Dakika ishirini!

Mtaalamu kaja na mkewe, kanywa chai, kavuta kiti stooni. Kachukua imeji ya wajitoleaji. Nikamuuliza kwa nini si ile rasmi. Kasema zote nzuri, kaka, hii nimeizoea tu. Kasema pia tusiweke lebo ya "mpya kabisa", tuandike namba ya toleo, tujue tunatumia nini. Halafu kaeleza habari ya folda — maandishi ya shemeji yatakaa wapi, nje ya kontena, sijui nini. Nikawa naitikia, ndiyo, ndiyo. Sikuwa nasikiliza. Nilikuwa namwangalia mama mkwe. Alikuwa amebeba kiti chake mwenyewe mpaka mlangoni pa stoo, amekaa, anamtazama Mtaalamu akibonyeza. Miezi kumi na minne hajawahi kuja hata kunichungulia!

Runinga ikawaka. Mama mkwe wa miaka thelathini iliyopita, ameshika beseni, anamwambia mwenye kamera aache upuuzi. Kicheko cha baba mkwe nyuma ya kamera. Mama akalia. Kamshika Mtaalamu mikono yote miwili: "Baba yangu, umenirudishia mume wangu."

Umenirudishia! Na ukungu nilioupangusa mimi?

Lazima niseme kweli humu. Mtaalamu alimwambia, "Kazi yote ya kaka, mama. Mimi nimebonyeza tu." Mama hakusikia, au hakutaka kusikia. Na ndicho kinachonikera zaidi. Hata haringi! Angalau angeringa nipate pa kumshikia.

Nimehesabu "baba yangu" mara sita. Mimi ananiita "mkwe". Mkwe, niletee miwani. Mkwe, funga dirisha.

Alhamisi, 15 Mei

Wameanza kazi. Mama kwenye kochi, mke wangu na kompyuta yake ya mapajani. Kanda mbili kwa siku, tatu wakijitahidi. Mama akiona mtu anasema "simamisha hapo," halafu anamwaga habari. Mke wangu anaandika mpaka vidole vinamuuma.

Kila mchana kabla ya kuanza: "Washa mashine ya baba yangu."

Kompyuta ni ya kwangu. Diski ni ya kwangu. Stoo ya kwangu. Mashine ya baba yangu!

Nimefanya kitu cha kitoto. Nimepita kanda zote kwa haraka kutafuta sura yangu. Katika kanda sitini na moja nimo mara tatu. Mara mbili mgongo. Mara moja nusu ya sikio. Posa ya Mtaalamu: dakika nne mfululizo za uso wake, karibu kabisa, mpaka unaona alivyojikata kwa wembe. Mzee naye!

Kijiba cha roho hiki, najua jina lake. Kulijua hakuniponyi.

Jumamosi, 17 Mei

Nimefanya!

Mke wangu kampeleka mama kliniki. Nikapata saa tatu peke yangu. Nimesimamisha kontena la Mtaalamu, nimeweka imeji rasmi. Ile niliyoichagua mimi tangu mwanzo.

Mstari wa amri nimeunakili kwake, herufi kwa herufi, nikabadilisha jina la imeji tu. Kwa nini nijisumbue, mengine si yale yale? Ukurasa wa maelezo wa hii rasmi ni mrefu kama hotuba ya mgeni rasmi. Nimesoma mwanzo na mwisho.

Ikawaka. Lakini majina ya kanda nne walizokwisha kuandika hayakuwepo! Nikarudisha imeji ya zamani, yapo. Nikaweka mpya, hayapo. Basi nikaelewa: kiwanda hiki hakisomi maandishi ya kiwanda kile. Si neno. Nikayanakili kwenye karatasi, nikayaingiza upya moja moja. Saa nzima na jasho. Neno la siri lile lile, rangi ile ile. Waliporudi hawakugundua chochote.

Sasa ni mashine yangu. Raha niliyoisikia leo sijaisikia tangu nipate leseni.

Jumatatu, 19 Mei

Mama, mbele ya jirani: "Tangu baba yangu aitengeneze, haijakwama hata siku moja."

Imetengenezwa na mimi! Juzi! Nikafungua mdomo, nikaufunga. Nitasemaje? Kwamba niliibadilisha kwa siri kwa sababu ya wivu? Nimejifunga kamba mwenyewe, na fundo liko mgongoni.

Jumapili, 25 Mei

Kanda ya kumi na tisa. Nilikuwa stooni napiga pasi koti la kazi, nikamsikia mama vizuri kabisa. Yule mwanamke wa gauni la kijani anayecheza peke yake ukumbini! Kumbe ni shangazi yake baba mkwe. Alitoroka asubuhi ya harusi yake kwa baiskeli ya bwana harusi. Akakaa miaka miwili kwa watawa akishona mashuka, akarudi na baiskeli ile ile, akamkabidhi mwenyewe: "Asante, nimeipaka mafuta." Na ndiye aliyemlipia baba mkwe kamera ya kwanza kwa pesa za mashuka! Mama alicheka mpaka akakohoa. Mke wangu naye. Mimi stooni nilicheka peke yangu na pasi mkononi.

Kisha mama akasema, "Mungu ambariki yule mtoto na mashine yake, ningekufa na habari hii." Nikaacha kucheka. Yule mtoto ana kitambi, ana miaka thelathini na nane. Mpaka watu mafuta, mla chai za watu, kichwa maji mwenye kitambulisho!

Nimeandika, roho imetulia kidogo.

Alhamisi, 29 Mei

Leo mama kaniuliza mara tatu kama duka nimelifunga. Kila mara nimejibu upya.

Jumatatu, 2 Juni

Kuna jambo wananificha.

Nimerudi mapema. Wapo kwenye kanda ya thelathini na nane, mama anaongea polepole, mke wangu anaandika na kufuta macho. Nilipoingia akafunga kompyuta pa! Nikauliza kuna nini. "Utasoma siku yako ya kuzaliwa. Bado wiki tatu, vumilia bwana."

Kanda ya thelathini na nane ni ile ya kuhama nyumba. Naijua, nimo humo. Mgongo. Nabeba viti sita kwa mpigo, shati limechanika kwapani. Mtaalamu hayumo, alikuwa hajaoa. Sasa cha kuficha ni nini kama si lile shati? Watakuwa wamenicheka. Watanisomea mbele ya watu siku hiyo, na Mtaalamu atatabasamu kwa adabu.

Naweza kufungua nikasoma sasa hivi, neno la siri ninalo. Sifungui, ng'o! Walichoficha wakae nacho.

Alhamisi, 5 Juni

Shemeji, mke wa Mtaalamu, kapiga simu, wanakuja Jumapili kula. Mama tangu asubuhi anauliza Jumapili ni lini.

Na wenye programu wametoa toleo jipya! Nimepata wazo. Jumamosi naweka jipya. Jumapili, mezani, Mtaalamu akiuliza mashine inaendeleaje, nitasema taratibu kabisa: "Aa, ile yako niliitoa zamani. Hii ni rasmi, toleo la wiki hii." Wote watasikia. Mama atasikia. Nimeshaifanyia mazoezi sentensi hiyo kwenye kioo cha dukani.

Jumamosi, 7 Juni

Mungu wangu.

Saa nane mchana. Nimesimamisha kontena la zamani. Nimelifuta. Nimesafisha na mabaki yote — mimi mtu wa usafi, chupa ikiisha naisuuza. Nimechukua imeji mpya, nimewasha.

"Karibu! Chagua lugha."

Kanda zipo zote. Majina hakuna. Hata moja. Walikuwa wamefika kanda ya arobaini na saba.

Saa tisa. Nimesoma maelezo yote sasa, neno kwa neno. Yamo katikati, pale nilipoparuka. Imeji hii inaweka maandishi kwenye folda yenye jina jingine, si ile ya wajitoleaji. Hakikisha umeitoa nje ya kontena, wamesema, kwa herufi nzito. Mstari nilioiba kwa Mtaalamu ulikuwa unatoa nje folda ya imeji yake. Ya kwangu haikuguswa. Wiki tatu mke wangu alikuwa anaandika ndani ya chupa, na mimi nimeimwaga.

Mimi! Soma karatasi iliyo ndani ya boksi!

Saa kumi na moja. Wamerudi kutoka sokoni. Mama kakaa, kaomba mashine ya baba yangu. Mke wangu kawasha, kaona ile Karibu. Kabonyeza, kabonyeza. Kaniita, "Bwana, njoo uone." Nikaja, nikatoa macho kama mjusi aliyebanwa na mlango. Nikasema, "Ee? Imekuwaje?"

Imekuwaje! Ndivyo nilivyosema.

Yamebaki majina ya kanda nne tu, kwenye folda ya zamani ya Mtaalamu. Kazi yake haikupoteza hata herufi.

Mke wangu kampigia mdogo wake huku analia. "Mumeo katufanyia nini?" Mdomo nilikuwa nao. Ulikuwa pale pale chini ya pua. Haukufunguka.

Mama kaitazama ile Karibu kwenye runinga, kasema: "Nilimwamini mno yule."

Yule. Hakusema baba yangu.

Naandika hili kwa sababu hakuna atakayelisoma. Nilifurahi. Dakika moja hivi, labda mbili. Kitu kitamu kilinipita kifuani, kisha nikamwona mke wangu amekaa sakafuni na kompyuta mapajani, nikajichukia mpaka meno yakauma.

Jioni, baada ya chai. Mke wangu kaniambia kuhusu kanda ya thelathini na nane. Hawakuwa wananicheka. Mama alisimamisha kanda palipo na mgongo wangu, akasema mambo juu yangu, ukurasa mzima. Baba mkwe aliniambia nini siku ile, na alimwambia nini mama usiku wake. Nikamuuliza, maneno yenyewe je? Kasema hayakumbuki vizuri, aliyaandika ili asilazimike kuyakumbuka. Yalianza na "Huyu mwenye mgongo."

Tukamuuliza mama. Akatutazama kwa upole. "Nilisema nini?"

Jumapili, 8 Juni

Saa tisa mchana. Naandika nimekaa juu ya ndoo stooni. Wengine wote wako sebuleni. Niandike kwa utaratibu.

Walikuja saa sita. Mama hakumpa Mtaalamu mkono. Kamwambia tu "karibu," kama anavyomwambia msoma mita. Mtaalamu uso ulimshuka. Hakula. Kaniambia, kaka, twende tuangalie.

Humu stooni akakaa kwenye kiti changu. Mimi nikasimama kwenye meza ya pasi. Akafungua orodha ya amri zilizopita. Sikujua kama mashine inaweka orodha! Ilikuwa pale yote, na tarehe. Kumi na saba Mei, imeji imebadilishwa. Saba Juni, kontena limefutwa. Saba Juni, mabaki yamesafishwa. Alisoma polepole, akarudi juu, akasoma tena.

Nikangoja anigeukie. Nilikuwa nimejiandaa kwa kila kitu. Kwa kelele, kwa kicheko, kwa "kaka, ungeniuliza." Sentensi za kujibu nilikuwa nazo tatu.

Akasema kwa sauti ya chini, bila kugeuka, "Isingesafishwa, tungeweza kuyapata."

Nikasema, "Ee."

Nasikia vijiko sebuleni.

Kisha akafunga ile orodha. "Mimi nitasema ni mimi."

Nikamuuliza ana maana gani. Akasema, "Mama anaishi kwako, kaka. Akikukasirikia wewe atakula wapi kwa raha? Anaoga maji unayomchemshia wewe, anameza dawa unazompimia wewe. Mimi jioni narudi kwangu. Acha anikasirikie mimi."

Sikusema asante. Sikusema hapana. Nilisema — na hili nitalibeba — "Kama unaona hivyo."

Akatoka. Nikamsikia. "Mama, kosa ni langu. Niliifunga vibaya siku ile. Nisamehe." Wazi, bila kigugumizi, mbele ya mkewe na mke wangu. Halafu sauti ya mama: "Njoo hapa, baba yangu. Njoo ukae hapa karibu. Na chakula hujala, kwa nini hujala?"

Baba yangu!

Hata kosa langu kanichukulia, na kalivaa likampendeza! Kwangu lingekuwa aibu, kwake limekuwa heshima. Na mbaya kuliko yote hakufanya makusudi. Ndivyo alivyo. Nimemtafutia dosari tangu Mei, na dosari niliyoipata ni kitambi.

Sasa wanaanza upya. Kawarudishia imeji yake, majina ya kanda nne yapo. Kaweka na nakala kwenye diski ya pili — jambo ambalo mfamasia yeyote angelifikiria. Wote watatu wamekaa na mama wanamsaidia kukumbuka. Kanda ya tano imekwenda vizuri. Ya sita vizuri. Ya nane mama kamwona mdogo wake mwenyewe kwenye kanda, kamwita kwa jina la jirani. Wakaruka mbele kutafuta anazozipenda, kumchangamsha.

Sasa hivi ni kanda ya kumi na tisa. Nasikia muziki wa ukumbini.

Mke wangu: "Mama, huyu wa gauni la kijani?"

Mama: "Anacheza vizuri."

"Ni nani, mama? Ulituambia. Ya baiskeli."

"Baiskeli gani?"

Mke wangu anajaribu mwenyewe. Alitoroka harusi... alikwenda kwa... alikuwa anashona nini vile? Alirudisha, akasema maneno, tulicheka sana. Alisema nini? Shemeji hajui. Mtaalamu hajui. Mama anasema, "Mnanichosha, wanangu." Sauti yake inatetemeka. Anajua kuna kitu hapo na hakipati.

Ninacho mimi. Nimefungua nyuma, Jumapili tarehe ishirini na tano Mei. Shangazi, watawa, mashuka, "Asante, nimeipaka mafuta," kamera ya kwanza. Yote yamo, kwa mkono wangu. Na chini yake, ukurasa huo huo: mla chai za watu, kichwa maji. Ukiupeleka kwenye mwanga unausoma na ule wa nyuma yake.

Nimechana karatasi ya boksi la glavu, nimeanza kunakili. Shangazi tu, matusi hapana. Nimefika kwenye mashuka. Naandika haraka, herufi kama za daktari.

Lakini wataniuliza nimeyatoa wapi. Na nikishasema nina daftari, mke wangu atauliza lina nini kingine. Kuna ya kanda ya thelathini na moja pia, nimeiandika kidogo ndani ya jalada. Na kichwani ninazo zingine, nilizozisikia nikipiga pasi. Nyingi. Nilikuwa nasikiliza kila siku ili nihesabu "baba yangu", kumbe nilisikia na mengine yote.

Mama analia. Si kwa sauti. Mke wangu kasema, "Basi mama, basi, tuzime."

Wasizime!

Mlango umefunguka. Ni Mtaalamu, na sahani ya chakula changu, kaifunika na sahani nyingine. Kaiweka juu ya meza ya pasi. Kaona daftari. Kauliza, "Kaka, unaandika nini?"

Nimemwambia angoje nimalize mstari.

Bado amesimama. Anangoja.